Jiwe la Figo Lisilouma: Namna ya Kulifuatilia na Kujua Wakati wa Kulitoa

Watu wengi hupata habari kwamba wana jiwe kwenye figo siku waliyokwenda kupimwa jambo lingine kabisa, kama vile maumivu ya tumbo, maendeleo ya ujauzito au uchunguzi wa afya wa kawaida. Katikati ya ripoti hukaa mstari mmoja unaosema kwamba figo ya kushoto ina jiwe la milimita nne, na mstari huo humfanya mmoja akimbilie dawa za kuyeyusha mawe na mwingine aitupe ripoti kabatini kwa sababu haumwi popote. Wote wawili wanajipotezea nafasi. Jiwe lililogunduliwa likiwa bado limetulia humpa mwenye nalo muda wa kulichunguza, kulipima tena na kuamua bila haraka, na muda huo ndio ambao mtu aliyeletwa hospitali usiku akigaagaa kwa maumivu hakuupata.

Mwongozo huu unamhusu mtu mzima mwenye jiwe lisilo na dalili. Mtoto, mama mjamzito na mtu mwenye figo moja tu wanahitaji kusimamiwa na daktari tangu mwanzo, kwa kuwa kwao uvumilivu una mipaka mifupi zaidi.

Hatua ya kwanza: isome ripoti hadi uielewe

Kabla ya kuuliza litibiwe vipi, hakikisha unajua mambo manne kuhusu jiwe lako: lina milimita ngapi, liko sehemu gani ya figo, yako mangapi na upande gani, na kama mkojo unapita bila kizuizi. Ripoti isiyojibu hayo manne irudishwe kwa aliyeiandika, au daktari wako aziangalie picha zenyewe.

Mahali lilipo jiwe ndipo penye maelezo ya kwa nini huumwi. Maumivu makali ya jiwe hayatokani na jiwe kuchoma nyama ya figo, kama wengi wanavyodhani, bali hutokea pale jiwe linapoziba njia, mkojo ukajaa nyuma yake, na figo pamoja na mrija wake vikatanuka kwa shinikizo. Jiwe lililojificha ndani ya kikombe kimojawapo cha figo, yaani kimojawapo cha vijumba vidogo vinavyopokea mkojo ndani ya figo, haliingii katika njia kuu ya mkojo, na kwa hiyo linaweza kukaa humo miaka mingi bila kutoa ishara yoyote. Mawe ya vikombe vya chini huelekea kubaki pale pale kwa kuwa yangelazimika kupanda ili yatoke, ilhali yale ya vikombe vya juu na vya kati yana njia rahisi zaidi ya kushuka, na huko kushuka ndiko kunakoleta maumivu.

Jambo la kuangalia hapa ni kipimo kilichotumika. Ultrasaundi haina mionzi na inapatikana kwa urahisi, lakini hukosa baadhi ya mawe madogo, na mara nyingi huyaonyesha yale inayoyaona kuwa makubwa kuliko yalivyo. Nukta inayong'aa yenye milimita mbili au tatu inaweza hata isiwe jiwe, bali chokaa katika ukuta wa mshipa wa damu. Kipimo cha CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) kisichotumia dawa ya rangi ndicho sahihi zaidi, nacho huona karibu kila aina ya jiwe, yakiwemo yale ya asidi ya yuriki ambayo eksirei ya kawaida haiyaoni. Ikiwa ultrasaundi imesema una jiwe na kuna uamuzi mkubwa wa kufanya, ni busara kuomba CT ya mionzi michache mara moja ili pawe na msingi wa kuaminika.

Hatua ya pili: hakikisha jiwe lako si miongoni mwa yale yasiyopaswa kusubiriwa

Kutokuumwa si uthibitisho wa usalama. Yako mawe yanayonyamaza huku yanaharibu, na hatua hii ndiyo ninayoiona kuwa na uzito kuliko zote katika mwongozo huu.

La kwanza ni jiwe lililoshuka na kukwama katika mrija unaounganisha figo na kibofu. Likikaa huko muda mrefu, maumivu yanaweza kupungua na kwisha kabisa huku mkojo ukiendelea kuzuiwa, na figo ikafa polepole bila mwenyewe kujua. Mtu aliyewahi kuumwa ubavu kwa siku kadhaa kisha maumivu yakatoweka bila kuliona jiwe likitoka asijihesabu kuwa amepona mpaka picha ithibitishe. La pili ni jiwe lenye matawi kama pembe za kulungu, linalojaza vikombe vingi vya figo kwa wakati mmoja. Hilo mara nyingi hujengwa na bakteria wa maambukizi ya mkojo, linaweza kukua bila kishindo, na likiachwa huharibu figo na kuweza kusambaza maambukizi katika damu. La tatu ni jiwe lolote linaloambatana na figo iliyotanuka kwa mkojo uliorudi nyuma, hata kama ni dogo.

Ripoti ikitaja mojawapo ya hayo, ruka hatua zilizobaki na umwone daktari bingwa wa njia ya mkojo mapema iwezekanavyo.

Hatua ya tatu: tafuta chanzo kwa vipimo vya damu na mkojo

Omba vipimo vya msingi, ambavyo ni kreatinini kwa ajili ya utendaji wa figo, kalsiamu na asidi ya yuriki katika damu, uchunguzi wa kawaida wa mkojo pamoja na kiwango chake cha asidi, na kuotesha vijidudu pale panapohisiwa maambukizi. Kalsiamu ikiwa juu katika damu, daktari ataagiza kipimo cha homoni ya tezi za parathiroidi, kwa sababu uvimbe mdogo katika mojawapo ya tezi hizo za shingoni unaweza kuwa ndio unaotengeneza mawe, na kuutoa hutibu chanzo chenyewe. Mtu mwenye mawe mengi, mawe ya figo zote mbili, ndugu wa damu wenye tatizo hilo hilo, au aliyepata jiwe akiwa bado kijana, aombe pia kipimo cha mkojo wa saa 24. Kipimo hicho ni cha usumbufu, kwa kuwa kila tone la siku nzima hukusanywa katika chombo, lakini huonyesha kwa takwimu ni kitu gani kimezidi na kipi kimepungua.

Aina ya jiwe hubadilisha kila kitu kinachofuata. Mengi, takriban manne katika kila matano, ni ya kalsiamu, hasa kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali iliyomo katika baadhi ya vyakula. Yanafuata ya asidi ya yuriki, ambayo huwapata zaidi watu wenye jongo, kisukari au uzito mkubwa, kwa sababu mkojo wao huwa na asidi nyingi. Kisha yako yale ya maambukizi, na yale ya sistini ambayo ni nadra na hurithiwa.

Siku hiyo hiyo, mpelekee daktari orodha kamili ya dawa na virutubisho unavyotumia. Topirameti inayotumika kwa kifafa na kipandauso, asetazolamidi, baadhi ya dawa za kupunguza makali ya VVU kama atazanaviri, na vidonge vya vitamini C vinavyozidi gramu moja kwa siku, vyote vinaweza kuchangia kutengenezwa kwa mawe. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu umesoma hapa; uliza kama ina mbadala.

Hatua ya nne: weka ratiba ya kulipima upya

Jiwe dogo lisilozuia mkojo, hasa lililo chini ya milimita tano, kwa kawaida huachwa lilipo na kufuatiliwa. Utaratibu unaokubalika na wengi ni kurudia picha baada ya miezi sita, kisha kila mwaka ikiwa hakuna lililobadilika. Ultrasaundi inatosha kwa ufuatiliaji wa kawaida, na CT ibaki kwa ajili ya shaka au maandalizi ya upasuaji ili kutokukusanya mionzi bila sababu.

Hapa watu hukosea jambo moja dogo lenye madhara makubwa: hupimwa mwaka huu kwa mashine ya aina moja, mwaka ujao kwa nyingine, kisha hulinganisha tarakimu. Jiwe lililosomwa milimita nne kwa CT na sita kwa ultrasaundi huenda halijakua hata kidogo, na mwenye nalo akaingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya tofauti ya mashine. Fanya ulinganisho kwa kipimo cha aina ile ile kila inapowezekana, omba nakala za picha pamoja na ripoti, na uwe na daftari lenye tarehe, kipimo, ukubwa na mahali pa kila jiwe. Daftari hilo litakufaa kuliko kumbukumbu ya hospitali yoyote, kwa kuwa utahama mji au utabadilisha daktari kabla jiwe halijabadilika.

Ufuatiliaji haupaswi kukatishwa kwa sababu miaka miwili imepita salama. Tafiti zilizowafuata watu wenye mawe yasiyo na dalili zimeonyesha kwamba karibu nusu yao hupata dalili ndani ya miaka mitano. Kwa maneno mengine, nusu nyingine hubaki salama, na hapana anayeweza kukuambia leo uko upande gani.

Hatua ya tano: ongeza mkojo, kisha uupime

Lengo huhesabiwa kwa mkojo unaotoka na si kwa maji yanayoingia: lita mbili na nusu za mkojo kwa siku. Kwa watu wengi hiyo ni sawa na kunywa takriban lita tatu, na zaidi kwa anayefanya kazi juani au anayetoka jasho jingi. Chagua siku moja ya mapumziko, kojoa katika chombo chenye alama za ujazo kuanzia asubuhi hadi asubuhi ya pili, na ujumlishe. Wengi wanaoapa kwamba wanakunywa maji ya kutosha hushangaa kukuta lita moja na robo.

Faida yake imepimwa. Katika utafiti uliofanyika Italia na kuchapishwa 1996, watu waliopata jiwe la kalsiamu kwa mara ya kwanza waligawanywa makundi mawili na kufuatwa kwa miaka mitano. Waliohimizwa kunywa maji mengi walipata jiwe jipya kwa kiwango cha asilimia 12, ilhali wengine walifikia asilimia 27. Maji hayo yagawanywe katika siku nzima, na glasi moja inywewe kabla ya kulala, kwa kuwa mkojo wa usiku ndio mzito kuliko wote. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo zilizodhoofika asianze kabla ya kuidhinishwa na daktari wake, maana kwake maji mengi yanaweza kuwa hatari.

Hatua ya sita: rekebisha chakula, lakini usiikimbie kalsiamu

Ushauri unaosikika sana, kwamba mwenye jiwe la kalsiamu aache maziwa, una kasoro. Kalsiamu inayoliwa pamoja na chakula huishika oksaleti tumboni na kutoka nayo katika choo. Ikikosekana, oksaleti huingia katika damu na kumalizikia kwenye figo. Utafiti mwingine wa Italia, uliochapishwa 2002, uliwafuata kwa miaka mitano wanaume waliokuwa wakipata mawe mara kwa mara na wenye kalsiamu nyingi katika mkojo. Miongoni mwa waliokula kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama, 12 kati ya 60 walirudiwa na jiwe; miongoni mwa walionyimwa kalsiamu, idadi ilikuwa 23 kati ya 60. Kiasi kinachofaa ni miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku kutoka katika chakula, na glasi moja ya maziwa ina takriban miligramu 300. Vidonge vya kalsiamu ni habari tofauti: kama ni lazima uvitumie, vimeze pamoja na mlo.

Kinachopaswa kupunguzwa kwa nguvu zote ni chumvi, kwa kuwa sodiamu inapotoka katika mkojo hutoka na kalsiamu. Isizidi gramu tano kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kisichojazwa kupita ukingo, pamoja na ile iliyomo tayari katika vyakula vya viwandani. Nyama ya kila aina, kuku na samaki vikiwemo, iliwe kwa kiasi, kwani protini ya wanyama huongeza asidi ya yuriki na kupunguza sitrati, ambayo ni kinga ya asili dhidi ya mawe. Juisi ya limau au ndimu isiyotiwa sukari huongeza sitrati hiyo. Spinachi, lozi na kakao vina oksaleti nyingi. Mwenye jiwe la oksaleti avipunguze na avile pamoja na chakula chenye kalsiamu, bila kufikia kuogopa kila jani la kijani.

Hatua ya saba: elewa dawa zinaweza nini

Hakuna dawa, ya hospitali au ya mitishamba, iliyothibitishwa kuliyeyusha jiwe la kalsiamu oksaleti lililokwisha kukomaa ndani ya figo ya binadamu. Sentensi hiyo ingewaokolea wengi fedha zao, na pengine figo zao, kwani baadhi ya mimea inayouzwa kwa kazi hiyo ina asidi aristolokiki, ambayo huharibu figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Ukisimuliwa kwamba jiwe la fulani liliyeyuka, kumbuka kwamba mawe madogo hutoka yenyewe kila siku, na dawa iliyonywewa wiki hiyo ndiyo hupewa sifa.

Jiwe la asidi ya yuriki ni kinyume chake. Hilo huyeyuka kweli mkojo ukipunguziwa asidi, kwa kawaida kwa kutumia sitrati ya potasiamu mpaka pH ya mkojo, yaani kipimo cha asidi ambacho hupanda asidi ikipungua, ifike kati ya 6.5 na 7. Tiba hiyo hufanywa chini ya daktari, kwa kuwa potasiamu ikizidi katika damu huvuruga moyo, na mkojo ukipoteza asidi kupita kiasi hukaribisha mawe ya fosfeti.

Hatua ya nane: jadili kulitoa kabla halijakulazimisha

Sababu zinazokubalika za kuliondoa jiwe lisilouma ni kukua kwake picha hadi picha, ukubwa unaozidi milimita 15, maambukizi yanayojirudia, na kuwa na figo moja tu. Ziko pia sababu za maisha, nazo zisidharauliwe. Rubani na baharia hawawezi kushikwa na maumivu wakiwa kazini. Anayekwenda kuishi miezi mahali pasipo hospitali yuko katika hali hiyo hiyo. Na mwanamke anayepanga kupata ujauzito ana haki ya kulimaliza mapema, kwa sababu tiba nyingi hazifai akiwa na mimba.

Njia ni tatu. Mawimbi ya mshtuko, yaliyotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza Munich mwaka 1980, hulivunja jiwe kutoka nje ya mwili bila kisu, lakini hufanikiwa kidogo kwa mawe magumu na yale ya vikombe vya chini, na hayatumiki kwa mjamzito wala kwa mtu ambaye damu yake haigandi sawasawa. Kamera nyembamba hupitishwa njia ya mkojo hadi kwenye figo na kulisaga jiwe kwa leza, na mara nyingi mgonjwa huachiwa mrija laini ndani kwa siku au wiki kadhaa. Mawe yanayozidi milimita 20 kwa kawaida hutolewa kupitia tundu dogo mgongoni.

Ikiwa unapangiwa kutolewa jiwe kubwa na una mengine madogo yaliyotulia, uliza kama yanaweza kutolewa pamoja. Utafiti uliochapishwa 2022, uliowagawa wagonjwa 73 kwa bahati nasibu, ulionyesha kwamba tatizo lilirudi kwa asilimia 16 ya waliotolewa yote, na kwa asilimia 63 ya walioachiwa madogo. Kundi hilo ni dogo, hata hivyo tofauti yake ni kubwa kiasi cha kustahili swali.

Hatua ya tisa: jiandae kwa siku litakapoamua kusafiri

Mkubaliane mapema na daktari ni dawa gani ya maumivu utakayokuwa nayo nyumbani, kwa kuwa diklofenaki na ibuprofeni hutuliza vizuri maumivu ya jiwe lakini hazimfai mtu ambaye figo zake zimedhoofika. Jiwe lililo chini ya milimita tano mara nyingi hupita lenyewe, na lile linalozidi 10 hupita kwa nadra sana.

Nenda hospitali bila kungoja kuche ukipata homa au kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu, ukishindwa kukojoa, ukitapika hata maji, au maumivu yakikataa kutulizwa na dawa. Homa ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwani mkojo wenye vijidudu uliofungiwa nyuma ya jiwe unaweza kuua kwa muda wa saa chache, na tiba yake ni kuutoa mkojo huo haraka pamoja na antibayotiki.

Kama hakuna dalili hizo na jiwe linashuka, kojoa kila mara kupitia chujio safi lenye matundu madogo, hata baada ya maumivu kwisha. Likitoka, lisuuze, likaushe, liweke katika kichupa kikavu na ulipeleke maabara likachunguzwe limeundwa na nini. Kisha rudia picha ili kuhakikisha kwamba mrija uko wazi, na uandike tarehe hiyo katika daftari lako karibu na milimita zake.